Feni ya Marcellin

Hapa kwetu Saio, mtaa wa Bunia, mtu akikonda kidogo tu utasikia amerogwa. Mimi Godelive, muuza samaki, huwa nawacheka wanaosema hivyo. Ukiniletea habari za uchawi nitakuuliza kama umekosa kazi ya kufanya. Basi naomba unisikilize vizuri, kwa sababu si desturi yangu kusimulia mambo ya namna hii, na hili lilimpata mdogo wangu wa tumbo moja.

Siku ilianza kama siku nyingine. Jua lilikuwa limeshapanda, mimi nafunga samaki wa chumvi uani, na mdogo wangu Honoré amelala chali chini ya lori lake, miguu nje, anapiga mluzi. Nyumbani kwetu, upande wa Mahagi kando ya ziwa, tulizaliwa watoto sita. Vita na maradhi vilitubakiza wawili. Yeye, aliyekuwa akiniita yaya, yaani dada mkubwa, hakuoa. Mume wangu alikwenda kuchimba dhahabu, akanisahau huko huko. Kila siku nilipakua sahani mbili, yangu na yake, na nilikuwa nikimwomba Mungu zisipungue.

Mama yetu alituachia fundo. Kamba unaizungusha mara mbili, unaipitisha chini, halafu unaivuta kwa mkono wa kushoto. Aliwafungia nalo wavuvi nyavu zao zote. Sasa fundo hilo limebaki katika mikono yangu na ya Honoré tu.

Lori lilikuwa na ugonjwa mmoja. Kutoka Kasenyi, ziwani, mpaka Bogoro, barabara inapanda mlima. Lori likijaa samaki hutambaa, na feni yake ya mkanda ikawa inazunguka polepole pale pale ambapo upepo ulihitajika zaidi. Radiatere, ile rejeta ya kupozea injini, ilichemka, maji yakaruka, tukakaa juani tukingoja lipoe huku samaki wakianza kunuka. Nimefukuza inzi kwenye mlima ule mpaka nikawazoea.

Ndipo akaja Prudent, fundi wa umeme wa magari kutoka mtaa wa Ngezi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri.

"Mkanda inafuata motere," alituambia. "Motere ikienda pole, vantilatere nayo inalala. Tuweke ya courant. Hii itapuliza hata lori ikisimama."

Yaani feni ya umeme, isiyotegemea mwendo wa injini. Alifanya kazi safi, sitamnyima sifa. Alikata bati akaizungushia radiatere, upepo wote upite ndani badala ya kutorokea pembeni. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri. Akaweka kidude kinachoiwasha feni joto likipanda na kuizima likishuka. Alituonya kwamba inaweza kuendelea kuzunguka kidogo hata ufunguo ukiwa umetolewa, tusishtuke.

"Uliitosha wapi, hii?" nikamwuliza alikoitoa, kwa maana feni yenyewe ilikuwa na kutu.

"Ni okazi, mama," akasema, maana yake ya mtumba, akainama kukusanya spana zake.

Safari ya kwanza mshale wa joto haukuvuka nusu. Tulifika Bogoro bila tone la maji kuruka, nikapiga vigelegele humo kabinani. Honoré alicheka, akapigapiga usukani.

"Siye watatu tumepanda muzuri!"

Kabinani tulikuwa wawili. Nilidhani anahesabu na lori.

Baada ya hapo akaanza kula chakula chake cha mchana ndani ya kabina, lori likiwa limesimama uani. Nilipompelekea sahani, aliomba ya pili. Nikamtania kwamba amepata mchumba na ananificha. Alicheka, lakini alichelewa kucheka. Bido, lile dumu la maji alilobeba kwa ajili ya radiatere lilikuwa linakauka hata siku ambazo hatukusafiri.

Halafu nikaanza kuisikia feni. Mchana kweupe, nikiwa jikoni, ilikuwa inavuma. Nilitoka nikagusa boneti. Lori halikuwa limewashwa tangu jana, na chuma kilikuwa baridi. Honoré alikuwa amekaa ndani, kichwa kimeegemea dirisha, anaongea kwa sauti ya chini. Aliponiona akanyamaza.

Nilimwita Prudent. Alikuja na kelele zake, akasema kidude cha joto kimenasa, jambo dogo. Akafungua boneti, akachomoa waya. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Umeona, mama?"

Upanga mmoja wa feni ukasogea.

Tukatazama. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba, hazitikisiki. Waya ulikuwa mkononi mwa Prudent. Feni ikazunguka, kwanza pole, kisha kwa nguvu, mpaka bati likalia. Prudent aliuachia waya kana kwamba umemchoma. Akanivuta mpaka ukutani.

"Mama, unisamehe," akanong'ona. "Nilitosha ile kitu kwa lori ya Marcellin."

Kila anayepita mlima wa Kasenyi analijua lori lile, ganda tupu kwenye kona kali, magurudumu yamekwisha kuibwa. Lakini jina la dereva wake sikuwa nalijua. Prudent alinisimulia. Radiatere ilimpasukia Marcellin pale konani. Mwenye lori akamwambia asiliache, angoje, radiatere nyingine inakuja kutoka Bunia. Wasaidizi wake wakamkimbia. Yeye akangoja. Mvua zikaanza, zikaisha. Madereva wakipita walimpigia honi, naye alikuwa akiwainulia mkono. Mwishoni alikuwa hainui tena. Waliendelea kumpigia honi kwa siku nyingi, wakidhani amesinzia.

"Na radiatere?" nikauliza.

"Haikufika."

Prudent aliondoka bila kuchukua spana zake. Mimi nilikwenda kusimama mlangoni mwa kabina. Nilikuwa naogopa, na nikiogopa huwa nagomba.

"Honoré, kesho tunairudisha ile kitu. Usinibishie."

Hakugomba. Aliniangalia kwa macho ya huruma, na huruma ile haikuwa kwa ajili yangu.

"Yaya, iko peke yake kule. Watu wanapita tu."

"Nani iko peke yake?"

"Anataka paka mutu, mutu tu wa kuzungumuza naye. Weye hujue namna inauma."

Kama kuna mtu anayejua inavyouma, ni mimi. Nikaenda kuokota spana za Prudent.

Kesho yake asubuhi tukateremka. Nilikuwa nimepakata spana mapajani, nasali rozari kimoyomoyo. Kwenye ile kona Honoré alisimamisha lori. Tulikuwa tumesafiri mwendo mzima kutoka Bunia. Nilishuka nikaweka kiganja juu ya radiatere. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Ganda la lori la Marcellin lilikuwa limejaa majani. Yalikuwa yameota mpaka kwenye sakafu. Kiti cha dereva kilikuwa bado kipo. Honoré alifungua feni, akaibeba kwa mikono miwili, akairudisha mahali pake. Bolti za kuishika hazikuwapo tena, kwa hiyo akaifunga kwa kamba. Fundo letu. Nililiona kwa macho yangu. Halafu akapanda kwenye kile kiti.

"Nipumuzike kidogo, yaya."

"Shuka, Honoré."

"Kidogo tu."

Nilirudi kwenye lori letu kurudisha spana. Hatua chache tu. Lori lingine likapita likiteremka, dereva akapiga honi, akainua mkono kuelekea konani. Nikageuka. Honoré alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia majani yakikanyagwa.

"Twende," akasema.

Aligeuza lori tukapanda. Kabla ya Bogoro, radiatere ilichemka kwa mara ya kwanza tangu Prudent aiguse. Nilipoona mvuke nililia kwa furaha kwamba lori limerudia ugonjwa wake wa zamani, nikamshukuru Mungu na watakatifu wote. Honoré alishuka kufungua boneti. Akapapasa mbele, akapapasa pembeni. Lori hilo alikuwa ameliendesha miaka mingi, na sasa hakujua boneti inafunguliwa wapi. Nilimfungulia mimi. Alitazama maji yakiruka, akarudi nyuma.

Nyumbani akawa mpole mno. Alikunywa maji, akaongeza, akaongeza tena. Aliacha kupiga mluzi. Akiwa na haja ya kitu alikuwa ananiita "mama", kwa adabu, jinsi unavyomwita mwanamke yeyote usiyemjua. Tangu alipojua kusema, Honoré aliniita yaya. Nikajiambia amechoka, atapona.

Siku ya soko akapita dereva mwenzake, Fulgence, akasimamisha lori mbele ya kibanda changu cha samaki.

"Mama Godelive! Mudogo yako anakusalimia. Nilimukuta konani, ameketi mu ile lori ya zamani. Nikapiga honi, akanyoosha mukono. Anasema umuletee maji."

"Leo?"

"Sasa hivi, nikipanda."

Sikugeuka mara moja. Honoré alikuwa nyuma yangu ndani ya kibanda, ananifungia samaki, hajatoka hapo tangu asubuhi. Nilinyoosha mkono nikachukua furushi alilokuwa amemaliza. Fundo lilikuwa la kawaida, la mtu yeyote.

Nilimwomba Fulgence anishushe kule mlimani siku iliyofuata. Kwenye kiti hakukuwa na mtu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikaweka bido limejaa maji, na kipande cha kamba juu yake, nikarudi.

Siku hiyo, tukiwa mezani, sahani mbili mbele yetu, yule aliyekaa mahali pa Honoré aliacha kula. Alinitazama kwa aibu, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

"Mama," akanong'ona. "Ile radiatere, walishaituma?"

Nilitaka kupiga kelele, kumfukuza, kuwaita majirani wa Saio ambao nimewacheka maisha yangu yote. Lakini nikimfukuza huyu, nani ataniambia njia aliyokuja nayo? Nani atanirudishia wangu?

"Iko njiani," nikasema.

"Aksanti." Akaegemea ukuta, akaendelea kungoja.

Fulgence aliponishusha konani tena, mchana, jua kali, bido lilikuwa kwenye kiti cha dereva. Tupu. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa bido. Imezungushwa mara mbili, imepitishwa chini, imevutwa kwa kushoto. Nililigusa lile fundo. Lilikuwa bado limelowa.

Nikaacha bido lingine. Nikapanda, nikakaa kwenye majani kando ya kiti kitupu, nikamsimulia mdogo wangu bei ya samaki, na jirani aliyejifungua, na spana za Prudent ambazo hajazifuata mpaka leo. Feni ilikuwa inavuma polepole mbele yangu. Fulgence alipopiga honi niliinua mkono. Kisha nikarudi Saio kumpikia yule mwingine.