Haidrojeni Haina Mbili za Kutoa

Kila mapumziko msichana mmoja mgeni shuleni alikaa peke yake kwenye ngazi za maabara, daftari magotini. Alikuwa amehamia katikati ya muhula, kila mtu akiwa na rafiki yake tayari. Wiki ya tano sasa, hakuna aliyemwuliza hata anakaa wapi. Upweke ulimuuma kuliko njaa.

Siku hiyo mwalimu wa kemia alirudisha jaribio la namba za oksidishaji, zile zinazoonyesha kila atomu inahesabiwa kupoteza au kupata elektroni ngapi. Waliopata kumi kwa kumi wangeingia kundi la majaribio la Jumamosi. Mgeni alikuwa mmoja wao.

"Kimya kingi kina mshindo," alisema Miwani, msichana wa benchi la mbele aliyepata kumi pia. "Njoo ukae na mimi."

Alikaa, wakacheka mpaka kengele ikalia.

Jioni alilipitia tena jaribio, kwa raha tu. Swali la mwisho lilikuwa la haidrojeni peroksaidi, haidrojeni mbili na oksijeni mbili. Alikuwa amekariri kwamba oksijeni ni hasi mbili, basi akaipa haidrojeni chanya mbili ili jumla iwe sifuri. Mwalimu aliona sifuri, akatia vema. Lakini atomu ya haidrojeni ina elektroni moja tu. Itatoaje mbili?

Akinyamaza, nani atajua? Akisema, atatolewa kwenye kundi, abaki mpweke kama jana.

Asubuhi alimpelekea mwalimu daftari. "Mwalimu, la mwisho nimekosa. Oksijeni hapa ni hasi moja."

Mwalimu alisoma, akajikuna kidevu. "Na mimi nilipitisha harakaharaka. Samahani." Akafuta kumi, akaandika tisa. Kisha akaligeukia darasa. "Nani mwingine aliandika chanya mbili?"

Mgeni alitazama sakafu, akijua amewaponza wenzake. Miwani akasimama taratibu.

"Mimi, Mwalimu."

"Wanangu," alisema mwalimu, "jumla inaweza kutimia na ndani mkawa na uongo. Anayejisahihisha mwenyewe ndiye anayejifunza."

Jumamosi kundi lilikutana bila wao wawili. Asubuhi hiyohiyo Miwani alimfuata mgeni mpaka nyumbani kwao, daftari kwapani.

"Haya, nieleze hiyo hasi moja," alisema. "Nikishaelewa, ndipo niende."

Aliondoka saa kumi na moja jioni.