Jikoni kwa Mutheu

Kila asubuhi Mutheu huanza na chai. Huketi kwenye stuli ndefu mbele ya meko ya gesi, maana mguu wake wa kushoto hauvumilii kusimama sana. Mkono wa kushoto nao umelegea. Macho hayaoni. Lakini chai huiva, na kama jirani zake wa Kamenu mjini Thika wanamwaga chai kidogo kuliko yeye, basi hawajasema. Husikia maji yakianza kunguruma, ananyoosha mkono wa kulia, na majani ya chai yapo palepale alipoyaacha jana.

Mutheu alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule iliyo karibu na kwake. Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini ugonjwa ulimwacha bila kuona, na upande mmoja wa mwili ukiwa dhaifu. Wengi walidhani ualimu wake umekwisha. Kumbe kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kila wiki Mwalimu Nekesa hutoka Ruiru kuja kumfundisha. Kazi ya Nekesa ni kuwafundisha watu waliopoteza macho kutembea kwa fimbo nyeupe, kupika, na kutumia simu inayosoma maandishi kwa sauti. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa amemwekea Mutheu nafasi yake. Muhula ukifunguliwa, angerudi darasani.

Ndipo mama yake, Kaluki, akaja kumtembelea kutoka Ngoliba.

Kaluki si mama wa kuketi. Alifagia, akafua, akapanga vyombo upya. Fimbo nyeupe aliitundika nyuma ya mlango isikanyagwe. Mwiko akautia kabatini. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa karibu kuisha, kwa hiyo akayamimina yaliyobaki kwenye kikopo. Akaiosha chupa, akaijaza sabuni ya maji aliyotengeneza na akina mama wa chama chao. Kwa Kaluki, chupa nzuri haitupwi. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, na mapenzi ya mama wakati mwingine hayana breki.

Mutheu alijua vitu vinahama. Alijigonga, akapapasa, akanyamaza. Mama ni mama. Utamwambiaje aache kukusaidia?

Jioni moja alitaka kukaanga sukuma wiki. Chupa ya mafuta huwa ameivisha mpira shingoni ili aitambue kwa vidole. Aliigusa, mpira ulikuwepo, na hakuona haja ya kunusa. Akamimina. Vitunguu vikatoa povu.

Kaluki alipoliona povu, alilia. Hakuililia mboga. Alimlilia mtoto wake, kwa hofu. Akampigia simu Kyengo, kaka yake Mutheu, aje Jumamosi na pikapu kuhamisha vitu vyote.

"Tutaishi na wewe nyumbani," alimwambia Mutheu. "Nitakupikia, nitakuogesha. Hapa utajichoma bure, mwanangu."

Mutheu aliona aibu na hasira kwa pamoja. Akienda Ngoliba, shule ingempa mtu mwingine nafasi yake. Yeye angeketi kwenye kiti kutwa nzima, akingoja kuletewa sahani. Hata hivyo aliiosha sufuria ya povu, akaenda kulala.

Alhamisi Mwalimu Nekesa alibisha. Alitaja jina lake kabla ya kuingia, kama afanyavyo siku zote, ili Mutheu ajue ni nani. Kaluki alimsimulia mambo ya sabuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mwalimu, huyu kweli anaweza kukaa peke yake?"

"Mama, Mutheu yuko hapa. Muulize yeye," alisema Nekesa kwa upole. "Lakini na mimi nikuulize. Huko Ngoliba, mtu akitia dawa ya kuogesha ng'ombe kwenye chupa yako ya maziwa na asikuambie, halafu uimimine kwa chai, tutasema macho yako ni mabaya?"

Kaluki alifikiri. "Tutasema huyo mtu hana akili," akajibu. Kisha akaitazama chupa ya sabuni, maana alikuwa amemtambua huyo mtu.

Nekesa hakumcheka. Alimweleza kwamba asiyeona hujua kitu kwa mahali pake. Kikirudishwa pale pale, ni kama anakiona. Kikihamishwa, ni sawa na kumzimia taa. Akamwambia pia kwamba mlango unafaa kufunguliwa wote au kufungwa wote, kwa sababu ulioachwa nusu humgonga mtu usoni. Ukitaka kumwongoza njiani, usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe. Na kabla ya kumsaidia kwa lolote, muulize kama anataka.

Kisha Nekesa akamgeukia Mutheu. "Na wewe, ulimwambia mama haya yote?"

Mutheu alikiri kwamba hakumwambia. Aliogopa kumkosea heshima.

"Sasa angejuaje?"

Mutheu aligeuka kuelekea ilikotoka sauti ya mama. "Mwaitu," alisema, akimwita mama yake kwa Kikamba, "nakupenda. Lakini siendi Ngoliba. Nataka kufundisha. Nataka kulala kwangu na kupika kwangu. Ukinihamishia vitu, ndio unanipofusha mara ya pili."

 Mutheu alimsikia Kaluki akipangusa pua kwa leso.

"Sawa," mama akasema mwishowe. "Lakini kabla sijamrudisha Kyengo na pikapu tupu, nataka nikuone ukisonga ugali. Na huo mkono mmoja, si sufuria itazunguka tu?"

Kesho yake walirudisha kila kitu mahali pake. Mutheu alielekeza, mama akarudisha. Jumamosi Kaluki aliambiwa aketi jikoni na asiguse kitu. Maskini, afadhali angepewa shamba zima la ndengu alipalilie.

Sukuma wiki ilikuwa imeshakatwa na Nyawira, anayeuza mboga pale nje. Nusu ya Kamenu hukatiwa mboga na Nyawira, na hakuna anayesema hawajiwezi. Mutheu aliweka sufuria kwenye meko. Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa amemtengenezea chuma chenye vidole viwili, kilichofungwa kwenye meko na kinachobana mdomo wa sufuria. Mutheu alikikaza. Maji yalipochemka, alitia unga na kuanza kusonga. Sufuria haikwenda popote.

Unga kidogo ulimwagika. Mutheu akasikia kiti cha mama kikisogea.

"Mwaitu, kaa."

Kaluki akakaa. Mutheu akasonga mpaka mwiko ukawa mzito na harufu ya ugali ulioiva ikamfikia. Kupindua sufuria hangeweza, kwa hiyo alichota ugali kwa bakuli, akalipindua bakuli kwenye sahani.

Kyengo aliingia na kamba mkononi, akauliza waanze na kitanda au kabati.

"Hakuna kinachotoka hapa," alisema Kaluki. "Nawa mikono ule."

Muhula ulipofunguliwa, Mutheu alirudi shuleni kwa fimbo yake, mkoba ukiwa begani. Wanafunzi husoma kwa sauti naye husikiliza, na akiruka mtu neno moja, anarudishwa nyuma.

Watu wa Ngoliba bado humuuliza Kaluki kwa huruma ni nani anayempikia binti yake.

"Mimi nikienda kwake, napikiwa," huwajibu. "Nikimaliza chai, nauliza kikombe kinakaa wapi."