Kompyuta Yenye Nguvu na Sauti ya Mama Dorotea

Ndugu zangu wa Mabatini, na ninyi wengine mtakaoipata habari hii mkiwa mbali, naomba mnisikilize. Sisemi ili kumcheka mtu. Mashimba ni jirani yangu. Chumba chake cha kurekodia na duka langu la vitenge vinatumia ukuta mmoja, na yeye mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na bidhaa za kila aina zikaanza kumiminika mjini, Mashimba alinunua mashine ya kurekodia kanda, akaegemeza magodoro ukutani kuzuia kelele, akaanza kurekodi kwaya. Kazi ilikwenda vizuri. Kila Jumamosi ungezikuta kwaya za Kirumba, za Buhongwa, mpaka za visiwani, zikisubiri zamu mlangoni pake. Mkewe, Evelina, aliandika majina kwenye makasha ya kanda, na mama yake mzazi, Mama Dorotea, alipika kwenye ua wa nyuma.

Mama yule alikuwa na sauti, jamani! Ujanani kwake Buhongwa ndiye aliyeongoza nyimbo watu walipokusanyika kumlimia mwenzao, na wanasema hakuna aliyekumbuka kuchoka mpaka yeye anyamaze. Uzee ulimchukulia meno na nguvu za miguu, sauti ukamwachia.

Nakumbuka Jumamosi moja kwaya ya dada mmoja aitwaye Tereza, kutoka Kirumba, ilikuwa katikati ya wimbo mzito wa kuomba toba. Mlango ukafunguliwa, Mama Dorotea akapaza sauti: "Mashimba, njoo ule! Ugali unapoa, na sato anakutazama!" Wanakwaya wakaangua kicheko. Mashimba alikasirika, akasema kanda imeharibika, wakaanza upya. Mimi nilicheka upande wangu wa ukuta mpaka mteja akanishangaa. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa kabla ya haya ninayowaeleza.

Mwaka wa tisini na nane mama akaanza kukohoa, kisha uvimbe ukatokea kooni. Madaktari hawakumficha. Walimwambia kwamba kusubiri ni kufa, na kwamba upasuaji utamponya lakini utaondoa kiungo kinachotoa sauti. Hatasema tena. Wakampangia siku, mara tu baada ya Pasaka.

Mama hakulia mbele yetu. Alimwomba mwanawe jambo moja tu.

"Mwanangu, kabla hawajanikata, nirekodi. Nyimbo za shamba, na zile za kubembeleza watoto. Nataka Suzana akikua anisikie."

Suzana ni binti wa Mashimba, mjukuu wa kwanza. Siku hizo alikuwa bado anatambaa.

Mashimba alimpenda mama yake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa ametoka Nairobi, ambako aliona studio ikirekodi kwa kompyuta. Kompyuta ile iliendeshwa na mfumo uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wa muziki. Mfumo wa uendeshaji, kwa tusiojua, ndio unaoiamsha kompyuta na kuiamuru sasa onyesha picha, sasa toa sauti. Tangu aliporudi, kanda zilimchefua.

"Mama Odeta," aliniambia, "sauti ya mama yangu niiweke kwenye kanda yenye mvumo? Haiwezekani. Nitamrekodi kama malkia."

Akaenda kwa Abdillah, muuzaji wa kompyuta zilizotumika Ulaya. Nilifuatana naye, kwa hiyo nasimulia nililolisikia. Abdillah alimwekea mezani kompyuta mbili za kupakata, zile zinazokunjwa kama kitabu: moja ndogo nyeusi iliyochakaa, nyingine kubwa, mpya mpya, yenye nguvu kuliko zote dukani.

"Ndugu yangu, nikuambie ukweli," alisema Abdillah. "Hii kubwa ina mfumo wake iliyokuja nao, na kwa huo inarekodi vizuri tu. Huo unaoutaka wewe, wenyewe hawakuuandaa kwa mashine hii. Utawaka, ndiyo, ila sehemu ya sauti hautaitambua. Ukiung'ang'ania huo mfumo, basi chukua hii ndogo. Hii mfumo wako unaijua."

"Hiyo?" Mashimba alicheka. "Hiyo ndama, Abdillah! Nipe yenye nguvu. Nguvu ikiwepo, itaendesha chochote."

Ndugu zangu, watu wa kwao Mashimba ni wafugaji. Wanaponunua maksai wa kulimia hawaishii kutazama kifua na nundu. Humfunga kwenye plau, wakamwita, wakamswaga mpaka mwisho wa tuta, waone kama anaitikia, ndipo wanapokubaliana. Mashimba amekulia katika desturi hiyo. Lakini siku ile alitazama kifua tu, akaridhika.

Ili aipate, ilibidi atoe mashine yake ya kanda kama sehemu ya bei. Evelina alimsihi.

"Baba Suzana, mrekodi mama kwanza, kisha uitoe. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Kazi ya asubuhi moja ndiyo inayotoka mbovu," alijibu. Mashine ikaondoka.

Akaufuta mfumo uliokuja na kompyuta, akaweka wake. Kwa kweli ilipendeza. Ilifungua picha nyingi kwa mara moja, madirisha yakiruka huku na huku kiooni, majirani tukajaa mlangoni kushangaa. Mama Dorotea akavaa kitenge chake kizuri, akakaa mbele ya kipaza sauti, akaimba wimbo wa palizi. Alipomaliza, Mashimba akabonyeza ili tusikilize. Kimya. Akabonyeza tena. Ile kompyuta kubwa ilikuwa bubu, tena kiziwi.

"Subiri kidogo, mama. Kesho itakubali."

Kesho yake haikukubali. Alipiga simu Nairobi, akaletewa disketi kwa basi, akajaribu hivi na vile. Kila jioni mama aliimba, na kila jioni sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Abdillah alipita akamwambia arudishe mfumo wa kwanza. Mashimba akasema hakununua mashine ya nguvu namna ile aje aiendeshe kama ya karani.

Evelina alikuja kwangu akilia, akaazima redio kaseti yangu. Nikampa na kanda tupu. Haikupita muda Mashimba akairudisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Asante jirani. Hii inatoa sauti kama bati. Kesho itakubali."

Nikamfuata mama jikoni, nikamnong'oneza turekodi tu, mwanawe asijue. Alikataa. "Amesema kesho," alinijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Nikimzunguka, nitakuwa nimemwambia ameshindwa."

Asubuhi ya kwenda hospitali alimchukua Suzana, akamwimbia kizingitini wimbo mfupi wa kubembeleza. Ulikuwa wimbo wake wa mwisho. Mashimba alikuwa ndani, ameinamia kompyuta. Alipotoka, gari lilikuwa limewashwa.

Mama alipona, Mungu ashukuriwe. Alirudi na kitambaa shingoni, mnene wa afya, bila sauti hata ya kunong'ona. Abdillah alikuja kumpa pole, akaomba aitazame ile kompyuta. Mashimba hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Abdillah akaurudisha mfumo iliyokuja nao, akaiwasha, na ile mashine ikatoa mlio mtamu wa kukaribisha uliojaza chumba kizima. Haikuwahi kuwa na ubovu wowote. Mama Dorotea aligeuza uso akatazama ukutani, na Mashimba akalia mbele yetu sote kama mtoto.

Suzana alipokuwa ameanza kusema, Tereza wa kwaya alikuja na kanda ya zamani. Ilikuwa ile iliyoharibika, aliyoibakiza kwa ajili ya kuchekea. Tuliiweka kwenye redio kaseti yangu. Kwaya ikaimba toba, mvumo ukivuma nyuma yake, kisha mlango ukalia na sauti ikaingia, nzima kabisa: "Mashimba, njoo ule! Ugali unapoa, na sato anakutazama!"

Mama Dorotea alicheka, mabega yakimtikisika, bila sauti.

"Nani huyo anaita?" Suzana akauliza.

"Ni bibi yako," Mashimba akamjibu.

Mtoto akamtazama bibi yake, akatikisa kichwa. "Siyo. Bibi hasemi."

FUNZO

Ndugu zangu, sikatazi vitu vipya. Kompyuta ni kitu kizuri, na mimi mwenyewe natamani binti yangu ajifunze. Ninachowaonya ni tamaa ya ukubwa. Kabla hujatoa kilichokuwa kinakufanyia kazi, hakikisha hicho kipya kinaifanya kazi ile ile, na ukijaribu mbele ya anayekuuzia. Nguvu ya chombo haiwezi kuziba pengo la kitu ambacho waliokitengeneza hawakukiweka, hata ukibonyeza mpaka vidole viume.

Na mzazi wako akikuomba jambo leo, lifanye leo, kwa chombo ulichonacho, hata kama kinavuma. Mashimba alitaka kumpa mama yake kilicho bora kabisa. Alichobaki nacho ni mwito wa kwenda kula, na mtoto asiyeamini kuwa ni sauti ya bibi yake.