Herufi za Waringa

Kosa lenyewe lilikuwa herufi mbili tu, na Kanyiva alikuwa tayari kuapa kwamba si yeye aliyeziandika.

Katika ofisi ya kupiga chapa ya Mzee Ephantus Mbugua, orofa ya tatu nyuma ya barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, kila karatasi ilimalizikia kwa alama ileile pale chini: EM, yaani mwenye ofisi, kisha mstari, kisha herufi za jina la aliyeipiga. Kanyiva Kivuva alikuwa kk. Mwihaki Macharia, aliyeketi mkabala naye, alikuwa mm. Mzee aliuita utaratibu. Ukweli ni kwamba kosa likionekana alitaka kujua mara moja nani wa kutukanwa, na kwa matusi mzee yule hakuwa na mpinzani River Road nzima.

Asubuhi hiyo ya mwaka 2004, barua ya Kanyiva ilitoka na chini imeandikwa EM/wm.

"Nani amekuambia uniletee hii jina?" Mzee aliuliza.

"Mzee, mimi niliweka kk."

"Kwani kompyuta imejiandikia? Rudia. Na uharakishe."

Mwihaki alingoja mlango ufungwe. "Hiyo ni Waringa Muigai," alinong'ona. "Alikuwa anakaa kwa hiyo kiti yako. Mikono ilimkufia, mzee akamfuta kazi. Wiki mbili baadaye akajaribu kuepua sufuria ya maji moto kwa jiko, ikammwagikia. Tulimzika."

Kanyiva aliipiga barua upya tangu mwanzo, na safari hii kk ikatoka bila yeye kufuta kitu. Kisha akajisugua kifundo cha mkono wa kulia. Miezi mitatu sasa kilikuwa kikimwaka, na vidole vilikufa ganzi kila asubuhi. Daktari mmoja karibu na Adams Arcade alikuwa amemweleza bila kuzungusha maneno. Inua kiti mpaka viwiko vilingane na kibodi. Vifundo vinyooke, usivilaze kwenye ncha ya meza. Usizigonge herufi kama unayeua siafu. Kila nusu saa ondoa mikono, inyooshe, ipumzishe dakika tano. "Ganzi ni onyo, dada. Ukilidharau, utashindwa kufunga hata kifungo cha blauzi."

Kwa hiyo alikalia vitabu viwili vinene vya simu ili apande juu kidogo. Mzee alivichomoa chini yake, na yeye amekaa.

"Mzee, naomba tu dakika tano za kupumzisha mkono."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe uko na kumi. Tumia."

Vidole hivyo kumi ndivyo vilivyolipia kodi ya nyumba mtaani Woodley na kumlisha mama yake, Kavutha. Kanyiva akarudi kugonga herufi. Mzee alipotoka, Mwihaki alinyoosha mkono, akachukua nusu ya karatasi za mwenzake bila kusema neno. Alifanya hivyo kila siku, mpaka naye vifundo vyake vikaanza kuuma. Mtu mwenye roho hiyo Nairobi humpati mara mbili.

Siku moja saa saba mchana, saa ambayo wazee husema si binadamu peke yao wanaotembea, Mwihaki alikuwa ameenda kula. Kanyiva alishindwa. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akailaza mapajani, akafumba macho.

Kibodi ikaendelea.

Kwanza polepole, herufi moja, herufi mbili, halafu kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifikia hata siku zake nzuri, na kwenye kioo maneno yakawa yanajipanga mstari kwa mstari, na chumbani ikaingia harufu kali ya dawa ya kuchua misuli, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya ngozi iliyomwagikiwa maji yanayochemka, na kiti alichokikalia kikawa na joto kana kwamba amepakatwa na mtu. Ukurasa ukaisha bila kosa hata moja. Chini yake: EM/wm.

Angekimbia. Wewe ungekimbia, au ndivyo unavyojidai. Lakini kurasa ishirini zilikuwa zikingoja na mzee alizitaka saa nane. Kanyiva alikaa, mikono mapajani, mpaka ya ishirini ikaisha. Akasikia viatu vya mzee kwenye ngazi. Haraka haraka akafuta wm kila mahali, akaweka kk.

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake.

"Asante," sauti ilimwambia sikioni. "Umesema kazi ya hii mkono yangu ni yako. Basi mkono yako ni yangu."

Papo hapo maumivu yakaisha, kama yaliyochomolewa. Kwa siku tatu Kanyiva alikuwa mwanamke mwenye furaha, Mungu amsamehe. Siku ya nne vidole vyake vilianza kugonga meza ya nyumbani peke yake. Viligonga sahani ya ugali. Viligonga mgongo wa mama yake alipomkumbatia, tap tap tap, na Kavutha akarudi nyuma akimtazama. Kisha vikawa baridi, na vikakataa kutumwa.

Kavutha alimpeleka Dagoretti Corner kwa Hannah, mama wa maombi na mizizi. Hannah alimshika mikono, akaiachia upesi.

"Kuna mtu ulimfuta," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi? Ni mzee alimfuta!"

"Jina. Ulifuta jina ya mtu ukaweka yako."

"Litoe, tafadhali," Kavutha alilia.

"Hiyo jina iko na jini, na jini hilo halitoki, mama. Linashika mikono ya mtu mpaka mwingine afute jina ya huyo mtu aweke yake. Waringa hata kaburini hakupumzika mpaka huyu wako akamfuta."

"Nimfanyie mtu hivyo?" Kanyiva alisema. "Heri nife."

"Watu husema hivyo wakiwa bado wanaweza kushika kikombe."

Hannah aliomba mpaka nguo ikamlowa. Haikusaidia.

Ijumaa mikono ilining'inia. "Umefutwa," Mzee alisema, na hakuinua uso. Mwihaki ndiye aliyemfunga Kanyiva vifungo vya koti, kimoja kimoja, huku analia.

Nyumbani, Kavutha alimlisha, alimwosha, alimfukuzia nzi usoni. Maumivu yalikuwa yamerudi yote. Na kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, mikono ile isiyomsikia iligonga blanketi bila kupumzika hata dakika tano.

Siku ya tisa, saa saba mchana, simu ililia. Kavutha akamwekea sikioni.

"Kanyiva, mkono iko aje?" Ilikuwa sauti ya Mwihaki, ya kunong'ona. "Mzee amenihamisha kwa kiti yako. Na aki ya Mungu, nimetoa barua saa hii, chini imeandikwa kk. Si mimi nimeandika. Nifanye aje?"

Mikono juu ya blanketi ilitulia. Ilikuwa ikisikiliza.

Kanyiva aliona vile vifungo vya koti. Aliona nusu ya karatasi ikichukuliwa bila neno. Kisha akamwona mama yake, macho mekundu, kijiko mkononi, akingoja kumlisha mtoto wa miaka ishirini na saba. Machozi yakamtoka, naye hakuwa na mkono wa kuyapangusa.

"Mzee ameiona?"

"Bado. Namsikia kwa ngazi."

"Basi harakisha. Futa. Weka yako."

"Hakuna shida?"

"Hakuna shida."

Alisikia herufi zikigongwa kule: mbili za kufuta, mbili za kuandika. Kidole chake cha shahada kikajikunja. Akakiambia kinyooke, kikanyooka.

"Mama, nipe kikombe," alisema. Akakishika mwenyewe, akanywa chai mpaka ikaisha. Simu ilikuwa imeanguka kitandani, na ndani yake Mwihaki alikuwa akicheka kwa raha.

"Kanyiva! Uko? Ajabu, aki! Hata ile uchungu ya mkono imeisha!"