Siku Thelathini za Verlene

Kila Jumatatu Verlene Goudeau hupika maharage mekundu na wali, kama majirani zake wengi huko mashariki mwa Texas. Jumatatu moja ya Aprili aliyaacha jikoni yakichemka, akaenda kuripoti kwa Bwana Haskett, afisa wake wa kifungo cha nje. Alirudi saa saba mchana, uso umemvimba kwa hasira.

"Miezi mitano naimba kwaya!" alimwambia mumewe, Thurman. "Jumatano maombi, Ijumaa mazoezi, Jumapili kutwa. Leo namuuliza Bwana Haskett amenipunguzia siku ngapi. Unajua kasema nini? Hata moja!"

"Na mimi nilidhani umeshahamia kanisani," Thurman akasema. "Nilibakiza kukuletea godoro tu."

"Usinichekeshe, Thurman. Sitaki."

Miaka mitatu nyuma Verlene aliumwa goti. Vidonge vya maumivu vikamkolea. Daktari alipokataa kumwandikia vingine, Verlene alighushi sahihi yake. Hakimu hakumtupa jela. Alimpa kifungo cha nje: aishi nyumbani, aripoti kila mwezi, apimwe mkojo, asitoke jimboni bila ruhusa.

Kifungo kilikuwa kinaisha tarehe kumi na mbili Septemba. Shule alikokuwa mpishi ilikubali kumrudisha, ila akishamaliza. Na shule ilikuwa inafunguliwa tarehe kumi na nane Agosti. Akichelewa, kazi anapewa mwingine.

Jioni jirani yao, Odessa Prejean, aliingia na bakuli lake mkononi. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama.

"Nipakulie maharage, Dada Verlene. Halafu uniambie, nani kakwambia kuimba kunapunguza siku?"

"Watu wa kwaya. Wanasema sheria inaruhusu mambo ya dini."

"Inaruhusu, lakini umesikia nusu." Odessa akaketi. "Ibada ni yako na Mungu wako. Hakimu hana mizani ya kupimia maombi. Anachohesabu ni mafunzo yenye mwalimu, yenye mwanzo na mwisho, na ambayo mahakama imeyakubali. Ulimwomba Haskett kabla ya kuanza?"

"Sikumwomba."

"Una karatasi ya mahudhurio?"

"Ya kwaya? Nani anasaini kwaya?"

"Basi ndiyo hivyo."

Thurman akadakia, "Na asiyesali je? Aozee humo?"

"Hapana. Kuna kazi za kujitolea na mafunzo ya kijamii. Yakikubaliwa yanahesabika vilevile. Hakuna wa kukulazimisha dini. Ukilazimishwa, mwambie wakili wako."

Kisha akaeleza. Kanisa la mtaa wa pili lilikuwa na kikundi cha watu walioacha vidonge. Kilikutana Alhamisi, wiki kumi na mbili. Odessa mwenyewe ndiye aliyeshika daftari la mahudhurio. "Mahakama yetu ikikukubalia, ukamaliza, unapata siku thelathini."

Verlene akahesabu kwa vidole. "Tarehe kumi na tatu Agosti! Odessa, kumi na tatu!"

"Usirukeruke. Omba kwanza, tena kwa maandishi."

Kesho yake Verlene alijaza fomu ofisini kwa Haskett. Baada ya wiki mbili hakimu alikubali.

Kwaya ilikuwa rahisi. Kikundi kilikuwa kigumu. Alhamisi ya kwanza kila mtu alitakiwa kusema alichofanya. Verlene alisimama. "Nilighushi sahihi ya mtu aliyekuwa ananitibu," alisema. Hakuwahi kuyatamka maneno hayo mbele ya watu. Hakuna aliyeguna. Mzee mmoja alimsogezea leso za karatasi.

Wiki ya saba, Thurman akimpeleka, gari liliwaharibikia barabarani. Walipofika, kikundi kilikuwa kimeshatawanyika. Odessa alikuwa anafunga mlango.

"Si umsainie tu?" Thurman akamsihi. "Ni mara moja. Nani atajua?"

Odessa akamtazama. "Thurman, unataka mkeo arudi kwa hakimu kwa sahihi ya uongo ya pili?"

Thurman akainamisha kichwa.

"Mpigieni mwalimu sasa hivi, mseme ukweli. Kuna kipindi cha kufidia Jumamosi."

Verlene akapiga. Jumamosi akahudhuria, akasaini kwa mkono wake.

Mwisho wa Julai alipata cheti. Alibaki na nakala, cheti chenyewe akampelekea Haskett.

"Mimi siamui," Haskett alimwambia. "Naandika kwa hakimu. Mpaka upate barua, endelea kuripoti, usikose hata siku moja."

Verlene hakukosa. Kila mleta barua alipopita, alitoka mbio na kandambili mguu mmoja. Tarehe kumi na moja Agosti bahasha ilikuja. Verlene akampa Thurman aifungue.

"Kifungo kinaisha tarehe kumi na tatu Agosti," Thurman akasoma.

"Soma tena."

Akasoma tena. Verlene alikaa kwenye ngazi za barazani, akalia na kucheka kwa pamoja. Odessa alichungulia dirishani kwake, akapiga makofi.

Tarehe kumi na nane alifunga aproni saa kumi na moja alfajiri. Alikanda unga, akaoka mikate, akapakulia watoto mia tatu. Wengine walimkumbuka wakamkumbatia kiunoni, mikono imejaa mchuzi.

Alasiri Thurman alimkuta kochini, viatu bado miguuni.

"Umechoka?"

"Nimechoka," Verlene akasema, akifumba macho. "Nimechoka vizuri sana."