Aisii Isiyovuma

Jumamosi hiyo Lwitiko alikuwa anafagia kibanda cha baba yake, Andwele, fundi wa redio karibu na soko la Sumbawanga. Ndiyo kazi yake ya kila Jumamosi asubuhi. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, na binti huyo alikuwa amevaa sweta mbili. Baba alikuwa ameinamia redio ya mteja. Mara akaingia mtu wasiyemfahamu, koti limejaa vumbi la barabarani, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge kama aliyebeba mtoto mchanga.

Lwitiko aliweka ufagio kando, akamwamkia shikamoo.

“Marahaba, binti. Nimeambiwa hapa kuna fundi asiyekata tamaa.”

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Wilibrodi, mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Kaengesa. Ndani ya kitenge kulikuwa na kisanduku kidogo kinachokuza sauti ya maikrofoni kabla haijaingia kwenye kinasa sauti. Kilikuwa kimekufa, na alikihitaji kesho yake. Mama yake, Bibi Agnesi, ndiye pekee aliyebaki kijijini kwao anayeujua wimbo mmoja wa Kifipa, ambao wanawake waliwaimbia watoto mgongoni huku wakipura ulezi. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Jumatatu angepelekwa Mpanda akaishi na binti yake, kwa hiyo wimbo ulipaswa kurekodiwa Jumapili baada ya misa.

“Ubeti wa mwisho hunong’onwa,” alieleza, “kwa sababu mtoto keshalala. Na ndio mzuri kuliko zote.”

Baba alifungua kisanduku, akaonyesha kidude cheusi chenye miguu minane. Hiyo ndiyo aisii, sehemu inayokuza sauti, na ilikuwa imeungua. Kwa kuwa redio za wateja zilimzidi, alimkabidhi Lwitiko kazi hiyo. Binti alikuwa kidato cha pili na alishatengeneza vitu vigumu zaidi ya hicho. Mgeni alimtazama kwa mashaka kidogo.

“Kesho kila neno litasikika, mwalimu,” Lwitiko alisema. “Nakuahidi.”

Kwenye droo kulikuwa na aisii nyingi za namba 358. Zina miguu ileile na zinaingia kwenye soketi ileile. Alichomeka moja, akaunganisha spika, akaita kama wanavyojaribu maikrofoni watu wote wa mji ule, kanisani, kwenye harusi na mikutanoni: haloo, haloo, moja mbili, moja mbili. Sauti ilirindima hadi barabarani. Wauza mitumba wakageuka kutazama. Mwalimu Wilibrodi naye akaita haloo, akacheka kwa furaha, akaaga kwenda kutafuta usafiri wa kurudi. Kisanduku angekipitia jioni.

Lwitiko alibaki amekitazama. Hakuna aliyejaribu kunong’ona. Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akaisogelea maikrofoni, akanong’ona jina lake. Hakulisikia. Alichosikia ni shwaa ndefu, kama mvua kwenye bati. Alipoongeza sauti, shwaa nayo iliongezeka.

Alimwita baba, naye akavaa, akasikiliza huku amefumba macho.

“Kila aisii ina mvumo wake yenyewe,” baba alisema. “Ukipiga kelele, mvumo unajificha nyuma ya sauti yako. Ukinong’ona, hauna pa kujificha.”

Alimpa simu atafute maelezo ya watengenezaji. Katika maelezo ya kila aisii kulikuwa na namba inayoeleza ukubwa wa mvumo wake. Ikiwa ndogo, aisii ni tulivu. Ya 358 ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya aisii nyingine, 5532, yenye miguu iliyopangwa vilevile. Lwitiko alikimbia kwenye maduka yote ya vifaa pale mjini. Hazikuwepo. Zingekuja na basi kutoka Mbeya Jumanne.

Ile 5532 pekee aliyoijua ilikuwa kwenye mashine yake mwenyewe ya kukuzia sauti ndogo. Aliitengeneza muhula mzima kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule, yaliyopangwa kufanyika Jumatatu. Mshindi angepelekwa kushindana Mbeya.

Yonas, anayesoma naye darasa moja, alikuwa amesimama mlangoni anakula muwa. Aliposikia kwamba Lwitiko anafikiria kuing’oa ampe mteja, alikaribia kupaliwa.

“Mteja mwenyewe karidhika, mshikaji. Wewe unatafuta nini tena?”

“Ubeti wa mwisho utapotea.”

“Basi Jumatatu simama na mashine inayochemka kama sufuria ya maharage. Mimi nitakaa mbele nikucheke vizuri.”

Lwitiko alimtazama baba. Baba alisema mashine ni yake, hatamwamulia, kisha akarudi kwenye redio zake.

Lwitiko alifungua mashine yake. Halafu akaingiza ncha ya bisibisi chini ya 5532 na kuing’oa taratibu. Mguu mmoja ulipinda, akaunyoosha kwa ukucha. Alipoichomeka kwenye kisanduku cha mgeni na kuvaa vipokea sauti, hakusikia kitu. Akadhani ameiua. Kisha, katikati ya ule ukimya, akasikia baba akimeza chai upande wa pili wa meza.

Jioni alimweleza Mwalimu Wilibrodi kila kitu, hata kwamba mara ya kwanza alikaribia kumpa kisanduku kinachovuma bila kujua. Mwalimu alivaa vipokea sauti, akanong’ona kwenye maikrofoni, akatikisa kichwa kwa mshangao. Akawaomba baba na binti wafike kesho.

Jumapili baada ya misa, baba na binti wakiwa wamefika kijijini, Bibi Agnesi aliketi nyumbani kwake kwenye kiti cha kamba, blanketi mabegani. Mbuzi walipelekwa mbali na majirani wakaombwa wasikohoe. Aliimba beti za kwanza kwa sauti nyembamba lakini imara. Ubeti wa mwisho midomo yake ilisogea tu; waliokaa mlangoni hawakusikia neno.

Kisha wimbo ukarudishwa kwenye spika. Ubeti wa mwisho ulitoka mzima, hadi pumzi ya bibi kati ya neno na neno. Jirani yao Cornelia alishika mdomo, akaanza kuufuata polepole, na wasichana nyuma yake wakamfuata. Bibi alisema kitu kwa Kifipa na chumba kizima kikaangua kicheko.

“Anauliza ni kikongwe gani huyo anayeimba vizuri hivyo,” Wilibrodi alitafsiri.

Vigelegele vilipotulia, bibi alimshika Lwitiko mkono. Amekumbuka wimbo mwingine, alisema, lakini kifua kimechoka. Angeuimba alfajiri, kabla ya safari. Je, kisanduku kingekuwepo? Lwitiko alijibu kitakuwepo. Mwalimu alimvuta pembeni, akamwambia anajua habari za maonyesho. Achukue aisii yake, bibi ataelewa.

“Nimeshamwambia kitakuwepo, mwalimu,” Lwitiko alijibu. Yeye na baba wakaondoka bila kisanduku.

Jumatatu mashine yake, ikiwa na 358 ndani, ilivuma mbele ya shule nzima. Yonas alicheka kama alivyoahidi. Waamuzi walipouliza sababu, Lwitiko aliwaeleza ukweli wote, na namna ya kuchagua aisii kwa sauti ndogo. Walimsifu kwa maelezo. Safari ya Mbeya walimpa mwingine.

Jioni alifika kibandani. Baba aliweka redio chini, akawasha simu. Mwalimu Wilibrodi alikuwa ametuma wimbo wa pili, uliorekodiwa kabla jua halijatoka. Kwa mbali jogoo aliwika, kisha bibi akaanza.

“Kila mtu huita haloo kwenye maikrofoni,” baba alisema ulipokwisha. “Akisikia sauti yake, anaondoka. Wewe ulinyamaza ukaisikiliza kazi yako, na ulipoikuta na kasoro hukuificha. Fundi wa namna hiyo watu watamtafuta hata kutoka mbali, mwanangu. Mbeya utakwenda mwaka mwingine.”

Lwitiko alitabasamu, akamwomba aurudie wimbo. Nje, wauza mitumba waliacha kunadi, wakasogea mlangoni kusikiliza.