Mtu Aliyeruka Mfereji

Sihaba aligundua wizi ule Jumamosi, saa kumi alasiri, aliporudi na mama yake kutoka arusini. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli yake kama walivyouacha. Chumbani, dirisha la mbao lilikuwa wazi, na chini ya kitanda, mahali pa sanduku la bati, palibaki sakafu tupu. Redio ilikuwapo. Simu ya mkononi ilikuwapo juu ya mto, na mwaka ule wa 2003 mwizi yeyote wa Kibiti angeibusu simu kabla ya kuitia mfukoni. Kilichoondoka ni sanduku peke yake.

Sajenti Elieth alifika kwa miguu, daftari kwapani, akamkuta binti ameketi sakafuni na mama yake, Bi Mwanamina, amesimama mlangoni akizungumza na Mungu kwa sauti.

"Sandukuni mlikuwa na nini?" Elieth aliuliza.

"Michoro, afande."

"Michoro tu?"

"Michoro ya miaka mitatu," Sihaba alisema.

Elieth alikuwa mtu wa Rombo, mwaka wa tatu sasa kituoni Kibiti, na alikuwa ameupenda mji huu kuliko alivyotarajia. Alijua kwamba binti wa Bi Mwanamina yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Anachosomea hakukijua, akauliza.

"Uchoraji wa katuni zinazosogea," Sihaba alisema. "Na picha za michezo ya kompyuta."

"Chuo kikuu kizima, wanafundisha katuni?"

Sihaba alivuta karatasi chache, akachora kwenye kona ya kila moja ndege mdogo, kila mara bawa likibadilika kidogo. Alizishika pamoja, akazipeperusha kwa kidole gumba. Ndege akaruka. Elieth, mwenye mikunjo mitatu ya uzee usoni na moyo mgumu wa kipolisi, alijikuta anasema, "Rudia."

Ilieleweka basi. Kazi ya mwisho ya Sihaba ilikuwa mchezo wa kompyuta: mtu anayevuka delta ya Rufiji, kijito kwa kijito, mpaka Mbwera. Miezi yote ya likizo alikuwa akizunguka, akichora watu wanavyotembea, wanavyoinama, wanavyobeba. Jumatano angesimama mbele ya walimu wake. Bila sanduku, angesimama na mikono mitupu.

"Jana ndiyo niliwaonyesha watu," alisema. "Hapo barazani. Niliwapeperushia mmoja mmoja, wakacheka sana."

"Nani na nani?"

Bi Mwanamina alijibu kwa niaba yake. "Akina mama wa jirani. Bwana Joachim, yule bwana shamba mwenye bakora. Na Bashiru wa banda la video, afande, andika vizuri hilo jina! Alitaka picha za mwanangu azionyeshe kwenye televisheni yake, watu waingie kwa kiingilio. Mwanangu akakataa. Bashiru akaondoka kanuna."

Elieth aliandika, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imekatika saa sita mchana, na udongo ulikuwa umepokea kila kitu kilichoukanyaga. Wajenzi wa barabara walikuwa wamechimba pale mfereji wa maji, mpana, umejaa hadi ukingoni. Chini ya dirisha nyayo zilikuwa zimechanganyika, lakini za viatu vya mtu mzima zilitoka hapo moja kwa moja hadi kwenye mfereji. Ukingoni, ncha ya kiatu ilikuwa imezama sana. Ng'ambo, visigino viwili vimechimba udongo sawasawa, kisha nyayo zikaendelea hadi kwenye majani, zikapotea.

Mwizi aliruka, tena akiwa na sanduku.

Elieth aliutazama mfereji, akaitazama miguu yake mwenyewe, akaamua kupita darajani.

Jina la Joachim alilivuka kwa haraka. Bwana shamba huyo alikuwa akitembelea bakora mwaka mzima, tangu aanguke na pikipiki. Mtu wa bakora haruki mfereji. Alikwenda kwa Bashiru.

Banda la video lilikuwa limefungwa kwa mikeka, jenereta ikinguruma nje. Bashiru alitoka akipepesa macho kwa mwanga.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, afande."

"Jirani mmoja amekuona nyuma ya kwa Bi Mwanamina saa nane."

"Haki ya Mungu sikuchukua kitu. Nilikwenda kumbembeleza Sihaba tena, nikapitia nyuma nisikutane na mama yake. Yule mama ana mdomo, afande, unamjua. Nilikuta dirisha liko wazi, nikaita, kimya. Nikarudi zangu."

"Dirisha lilikuwa wazi tayari?"

"Wazi kabisa. Kama naongopa, nife."

Elieth alimwambia amfuate. Walipofika mferejini, nusu ya mtaa ilikuwa imeshawatangulia.

"Ruka," Elieth alisema.

"Afande?"

"Ruka, Bashiru. Ukifika ng'ambo, tutazungumza kituoni. Usipofika, utakwenda nyumbani."

Bashiru alikuwa mtu wa kiti na chipsi. Alirudi nyuma, akapiga bismillahi, akakimbia, na katikati ya safari miguu ikamwacha. Maji yalipaa juu. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na Bi Mwanamina, aliyekuwa amemlaani tangu alasiri, ndiye aliyemletea khanga ya kujifutia.

"Si yeye," alisema. "Maskini wa Mungu, hata kuiba hawezi."

Jumapili asubuhi Bi Mwanamina alifungua mlango akalikuta sanduku barazani. Lilikuwa limeviringishwa kwenye mfuko mzito wa nailoni, likafungwa kamba mara mbili kwa uangalifu, kama mtu anayefunga zawadi. Elieth alipofika, Sihaba alikuwa ameshatandaza vifurushi vyote vya michoro mkekani.

"Vimerudi vyote?"

"Kasoro kimoja," Sihaba alisema. "Mruka mfereji. Na ndicho nilichokuwa nakihitaji kuliko vyote. Mchezo wangu mzima ni kuruka, afande. Bila huyo, mtu wangu anafika kwenye kijito cha kwanza anasimama."

Elieth aliuinua ule mfuko, akaugeuza. Mwizi aliyeogopa karatasi zisilowe. Mwizi aliyechukua sanduku zima kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuchagua dirishani, akachagua kwake, akarudisha vilivyobaki.

"Huyu mruka mfereji ni nani?"

"Simjui. Nilimwona Mohoro, mashambani, wakati mpunga unaiva. Nilikuwa nimekaa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege. Akapita mtu kwa mbali, kofia imemfunika uso. Alifika kwenye mfereji, akatazama huku na huku, akaruka. Kisha akarudi akaruka tena. Na tena. Peke yake, afande, kama mtu anayecheza. Nikamchora kila anaporuka, nikafanya karatasi nyingi."

"Unaweza kumchora tena?"

"Mikao mikuu minne, naweza. Ile ya katikati, inayounganisha, hapana. Ile niliiona kwa macho, haitungwi."

Alichora. Mtu anainama, mtu anasukuma ardhi, mtu yuko hewani, mtu anatua. Elieth aliziweka sambamba, akaziangalia kwa muda mrefu. Katika zote, mkono wa kushoto ulikwenda mbele, lakini wa kulia ulikuwa umekunjwa nyuma ya mgongo, ngumi imefumbwa kiunoni.

"Huu mkono umeubuni?"

"Siwezi kuubuni huo. Kila anayeruka hurusha mikono yote. Yeye mmoja anauficha. Ndiyo maana nilimpenda."

Elieth aliomba karatasi zile, akaondoka nazo pamoja na mfuko. Mfuko ulikuwa na alama ya mbegu mpya ya mpunga iliyogawiwa msimu ule, na mbegu ile iligawiwa na ofisi moja.

Jumatatu, ofisi ya kilimo ilipofunguliwa, Elieth alikuwa mlangoni. Bwana Joachim alimkaribisha kwa uchangamfu, akaketi, akainyoosha miguu mbele yake, ule mbovu juu ya mzima. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupendwa na wakulima.

"Mifuko hii?" alisema. "Mama, mifuko hii iko kila nyumba. Watu wanafunikia hata mapaa."

"Najua. Goti linaendeleaje?"

"Siku za mvua ndizo mbaya. Nimeshazoea."

"Ndilo lililokuzuia kwenda Mloka, nasikia."

"Ndiyo. Walikuwa wamenihamishia huko. Ikabidi aende mwenzangu Petronila." Alitazama dirishani. "Sikufurahi, lakini ningefanyaje?"

Elieth hakuwa akitazama uso wake. Alikuwa akitazama soli za viatu vilivyonyooshwa mbele yake. Zote mbili zilikuwa zimelika, na zimelika sawa, kisigino kwa kisigino. Baba yake mzazi alikuwa kiwete. Nyumbani kwao Rombo, kiatu kimoja cha baba kilikwisha kingine kikingali kipya. Kisha akaitazama bakora iliyoegemezwa mezani. Mpira wa kwenye ncha yake ulikuwa bado na mistari yake ya dukani.

"Niteremshie mfuko mmoja kama huu, nilinganishe," aliomba.

Joachim alisimama kwa bakora, akachechemea hadi kwenye rafu. Ili afikie juu aliiegemeza bakora ukutani, akanyoosha mkono wa kushoto. Na mkono wa kulia, bila yeye kuuagiza, ukaenda nyuma ya mgongo, ukafumba ngumi kiunoni.

Elieth alishukuru, akaondoka. Saa nane mchana alirudi na Sihaba. Alifunga mlango, akazipanga karatasi nne mezani, moja baada ya nyingine.

Joachim alizitazama. Uso wake ulibadilika polepole.

"Sijui hii ni nini," alisema.

"Mimi nitakwambia," Elieth alisema. "Ijumaa ulisimama barazani kwa Bi Mwanamina. Huyu binti akawapeperushia watu picha, wakamcheka mtu anayeruka. Hakuna aliyemtambua, kwa sababu hakuna anayekujua unaruka. Wewe ulijitambua. Jumamosi watu wako arusini, ukaenda. Sote tuliona nyayo tukasema: mtu wa bakora haruki mfereji. Hata mimi. Lakini soli zako zimelika sawa, Bwana Joachim. Bakora yako haijawahi kubeba mtu. Na huo mkono, hebu utazame sasa hivi ulipo."

Joachim alishusha macho. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo. Aliurudisha mbele kama mtu anayerudisha kitu cha mwenzake, akaketi.

"Mnataka kunifunga?" aliuliza.

"Nataka kujua kwa nini."

Joachim aliilaza bakora sakafuni.

"Kabla ya kuja Kibiti, kituo changu cha kwanza kilikuwa pembeni ya hifadhi," alisema. "Siku moja nilikuwa na mkulima wangu shambani, tunapima mahindi. Tembo alitoka kwenye vichaka. Mimi nilikimbia. Yule mzee hakukimbia, miguu yake haikuwa na nguvu. Niliposikia Mloka, nako ni pembeni ya hifadhi, nikasikia tena vile vichaka vinavunjika. Pikipiki kweli nilianguka nayo, goti likauma wiki mbili. Lilipopona, sikulitangaza."

"Na Petronila?" Elieth alisema. "Tembo hawamjui yeye?"

"Najua."

"Alikuwa na mtoto wa kunyonya. Huko hakupata hata nyumba ya kukaa naye. Kamwachia mumewe hapa Kibiti, na mtoto kaanza kutembea mama hayupo."

"Najua, mama! Najua yote hayo. Unafikiri nalala?" Alifuta uso kwa kiganja. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kifurushi, akakiweka mbele ya Sihaba. "Nilikichukua nikichome. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Nikasema nikipeperushe mara moja. Nikajiona. Mwaka mzima nachechemea, binti yangu, mpaka mwili wenyewe ukaniamini. Kule Mohoro, siku ile, nilidhani niko peke yangu duniani, nikaruka nione kama bado naweza. Nikashindwa kuchoma. Unisamehe."

Sihaba alihesabu karatasi, akazikumbatia. Hakuna iliyokunjwa.

"Mimi nimepata changu," alimwambia Elieth. "Sina kesi naye. Kesi yake iko kwa dada Petronila."

"Umesikia," Elieth alimwambia Joachim. "Mwenye mali amesamehe wizi. Uongo wako utautengua mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa mkuu wako wa kazi. Nitakusindikiza."

Walikwenda siku hiyohiyo. Mkuu wa kazi alifoka sana, kisha akatia sahihi. Joachim angekwenda Mloka, Petronila angerudi. Kibiti ilicheka wiki nzima, hasa Bashiru, aliyesema kwamba sasa anaudai mtaa radhi na suruali. Lakini siku ya safari wakulima walimsindikiza Joachim hadi kwenye lori, wakampa mchele. Alipanda bila kushikwa mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa, lakini alipanda.

Jumatano Sihaba alisimama mbele ya walimu wake, na mtu wake akavuka vijito vyote hadi Mbwera, mkono mmoja mgongoni. Alifaulu vizuri. Jumamosi alikuwa nyumbani tena, na Elieth alikuwa barazani akila vitumbua vya Bi Mwanamina, wakati Petronila aliposhuka garini na mzigo wake, vumbi la Mloka limemkaa nyusini.

Mtoto wake, aliyezoea kushinda hapo, alikuwa akicheza mbele ya baraza. Alimtazama yule mama, akageuka, akatembea kwa haraka hadi kwenye magoti ya Bi Mwanamina, akaficha uso.

"Ananikimbia," Petronila alisema, akijaribu kucheka. "Hata hatua yake ya kwanza sikuiona, na tayari anazitumia hatua zake kunikimbia."

"Atakuzoea, mwanangu," Bi Mwanamina alisema. "Damu haipotei njia."

Sihaba aliinuka, akaingia ndani. Alirudi na kifurushi chembamba cha karatasi, akamwekea Petronila mapajani.

"Baba yake alikuwa akimleta hapa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini," alisema. "Siku aliyosimama, nilikuwa hapohapo na penseli, dada. Shika hivi. Achia kwa kidole gumba, taratibu."

Petronila aliachia. Karatasini, mtoto alishika kinu, akakiacha. Aliyumba. Alikaa chini kwa makalio, akainuka tena, mikono juu kama mtu anayeombwa asalimu amri, akaja hatua moja, ya pili, ya tatu, moja kwa moja kuelekea kwa anayemtazama.

Petronila alifika mwisho, akarudi mwanzo. Sauti ya karatasi ilimvuta mtoto. Alitoa uso wake kwenye magoti ya bibi, akatega sikio, kisha akaja polepole kuona kuna nini, akasimama, akamshika mama yake goti.